Wamaya wa Guatemala: Watu wa Kale Walio Hai

Mtu aonapo picha ya mji wa kale uliomezwa na msitu, swali la kwanza limjialo ni hili: Wenyewe walikwenda wapi? Kwa muda mrefu watu wengi wa Ulaya na Marekani walijibu kwamba Wamaya, waliojenga miji mikubwa ya mawe katika Amerika ya Kati, walitoweka duniani. Leo twapenda, enyi wasikilizaji, kuwapitisha katika nchi ya Guatemala, kutoka magofu ya msituni hata magulio ya milimani, mpate kuona kwamba jibu hilo si kweli.

Guatemala imepakana na Mexico upande wa kaskazini na magharibi. Sehemu yake ya kaskazini, iitwayo Petén, ni nchi ya tambarare yenye joto na msitu mnene. Kusini ni milima yenye baridi na volkano nyingi. Mmoja wao, Tajumulco, una kimo cha futi 13,800 hivi, wala hakuna mlima uuzidio katika Amerika ya Kati yote.

Na tuanze Petén, penye magofu ya Tikal. Alfajiri husikika humo kima wakubwa wakinguruma, hata mgeni hudhani ni simba. Juu ya miti huonekana vilele vya mahekalu ya mawe ya chokaa, yaliyojengwa ngazi juu ya ngazi. Moja lina kimo cha futi 150 hivi. Chini yake alizikwa mfalme Jasaw Chan K'awiil, aliyetawazwa mwaka 682, akawashinda mwaka 695 adui wakubwa wa Tikal, watu wa Calakmul. Jingine lapita futi 200.

Fikirini jinsi kazi hiyo ilivyofanywa. Wamaya hawakuwa na farasi wala punda wala ng'ombe. Hawakuwa na vyombo vya chuma. Na magari hawakuyatumia. Mawe yalichongwa kwa mawe mengine yaliyo magumu zaidi, yakabebwa na watu. Tena hapakuwa na mto karibu. Basi walitengeneza mabwawa makubwa ya kuwekea maji ya mvua, yawafae wakati wa kiangazi. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza kwamba, kwa chombo kilichochukuliwa na ndege, ambacho hupima ardhi kwa mwanga upenyao majani ya miti, wamekuta katika Petén alama za majengo zaidi ya 60,000.

Kwa nini miji hiyo iliachwa? Jiwe la mwisho la Tikal lenye tarehe ni la mwaka 869. Wataalamu wengi waona ya kuwa sababu hazikuwa moja: ukame wa mara kwa mara, na vita baina ya wafalme, na watu wengi kuliko ardhi iwezayo kuwalisha. Wafalme walipokwisha nguvu, watu walihamia pengine. Mji ulikufa, lakini taifa halikufa.

Tumesema jiwe lenye tarehe, maana Wamaya walijua kuhesabu na kuandika. Nukta ilikuwa moja, mstari ulikuwa tano, na sifuri waliichora kama kombe. Waliandika pia vitabu kwa karatasi ya magome ya miti. Mwaka 1562 padre mmoja wa Kihispania, Diego de Landa, alivichoma moto vitabu hivyo katika mji wa Maní, ulio Yucatán katika Mexico, kwa kuwa aliviona ni vya ibada ya mashetani. Vilivyojulikana kusalia ulimwenguni ni vinne tu.

Lakini tazameni ajabu ya mambo. Landa huyo huyo aliwauliza Wamaya juu ya alama zao, akazichora chache katika maandiko yake. Baada ya miaka karibu 400, mwaka 1952, mtaalamu wa Kirusi Yuri Knorozov alizitumia kuonyesha kwamba alama nyingi za Wamaya ni silabi, kama vile ka, ma na tu katika Kiswahili. Mwaka 1960 Tatiana Proskouriakoff akaonyesha kwamba mawe yaliyosimamishwa mbele ya mahekalu yaeleza kuzaliwa kwa wafalme, kutawazwa kwao na vita vyao. Hivyo mawe yaliyonyamaza yakaanza kusema tena.

Sasa na tupande milimani. Huko Wahispania waliingia mwaka 1524, wakiongozwa na Pedro de Alvarado. Ugonjwa wa ndui ulikuwa umewatangulia na kuua watu wengi. Taifa la Kaqchikel liliwasaidia wageni kuwapiga jirani zao wa K'iche', na Q'umarkaj, mji mkuu wa K'iche', ukachomwa. Lakini mwaka ule ule Wakaqchikel wenyewe walidaiwa dhahabu nyingi, wakaukimbia mji wao na kupigana na wale waliowasaidia. Hata hivyo ufalme wa mwisho wa Wamaya, uliokuwa kisiwani katika ziwa la Petén, haukushindwa ila mwaka 1697, yaani miaka 173 baadaye.

Mji wa Chichicastenango una gulio kila Alhamisi na Jumapili. Wakulima huteremka toka vijijini na mizigo mgongoni, imefungwa kwa ukanda upitao penye paji la uso. Huuzwa mahindi, maharagwe, pilipili, kuku, nyungu na chokaa. Wanawake huvaa blauzi ziitwazo huipil, wazifumazo wenyewe kwa kitanda cha mfumi ambacho mwisho mmoja hufungwa mtini na mwisho wa pili kiunoni mwa mfumi. Na mwenye kujua hutambua kwa nakshi mtu ametoka kijiji gani. Penye ngazi za kanisa la Santo Tomás huchomwa utomvu wa mti, ufananao na sandarusi ya pwani yetu. Wazee wangali wakihesabu kalenda ya kale ya siku 260.

Na ile chokaa ni ya nini? Huchemshiwa mahindi kabla ya kusagwa na kufanywa mikate myembamba. Desturi hii ya kale ina hekima, kwani chokaa hufungua lishe iliyofungika katika mahindi. Na watu wa nchi nyingine waliopokea mahindi bila desturi hiyo, wakala karibu mahindi matupu, walipatwa na ugonjwa wa pelagra. Nasi tusisahau kwamba mahindi tulayo kila siku asili yake ni nchi hizo.

Wak'iche' husimulia kwamba miungu walimwumba mtu kwa udongo, akayeyuka; kisha kwa mti, akakosa moyo; mwisho kwa unga wa mahindi, ndipo akawa mtu kweli. Habari hizi zimo katika kitabu kiitwacho Popol Vuh. Katika miaka ya 1550 wazee wa K'iche', walioona mji wao umeteketea, walijifunza herufi za Wahispania, wakaandika kwa herufi hizo maneno ya lugha yao wenyewe. Miaka 150 baadaye padre Francisco Ximénez aliyanakili hapo Chichicastenango, na nakala yake ndiyo iliyopona.

Taabu hazikuishia hapo. Tangu 1960 hata 1996 Guatemala ilikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tume ya uchunguzi ilieleza mwaka 1999 kwamba watu zaidi ya 200,000 waliuawa au kupotea, na katika waliotambuliwa zaidi ya wanne katika kila watano walikuwa Wamaya. Hata hivyo lugha 22 za Kimaya zingali zikisemwa nchini.

Basi mwenye kuuliza Wamaya walikwenda wapi, na aende gulioni siku ya Alhamisi, atawakuta wakipima mahindi. Nasi wenye kujua kusoma na kuandika tuwatazame wale wazee wa K'iche': hawakungoja mgeni awaandikie habari zao. Yuko mzee katika kila kijiji chetu ajuaye mambo ambayo hayajaandikwa popote. Aliye na kalamu na amwendee mapema.