Sauti Isiyo na Mnara: Redio ya Mkono kwa Mkono Mwambao wa Rumonge

KIPINDI CHA HISTORIA. Nakala kwa vikundi vya wasikilizaji.

[Muziki wa kufungua, kisha unashuka]

Leo tuna swali moja: redio ikivunjwa, sauti yake inakwenda wapi? Jibu tutalitafuta nyumbani, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Rumonge kushuka Nyanza-Lac hadi mpaka wa Tanzania.

Kabla hatujaanza niseme jambo moja. Kipindi hiki hakina chama. Tunasimulia yaliyotokea ili tujifunze, hatuyasimulii ili tugombane.

Wengi wenu mnaijua Rumonge. Kwa asiyeijua: ni mji wa ziwani, kusini mwa Bujumbura, mwendo wa kilomita zaidi ya 70. Ni mji wa wavuvi wa ndagala na mukeke, wa michikichi na mawese, na Kiswahili husikika sokoni na mwaloni sawa na Kirundi. Mashariki kuna milima, magharibi kuna maji, na ng'ambo ya maji ni Kongo. Sura hiyo ya nchi ina maana kubwa kwa redio. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka. Mlima huyazuia, ziwa haliyazuii. Kwa hiyo mtu wa mwambao anaweza kushika kituo cha nchi jirani kuliko ndugu yake aliye bondeni nyuma ya mlima. Watu wa ziwani walizoea zamani kusikia habari za pande mbili kisha kupima wenyewe.

[Muziki mfupi]

SEHEMU YA KWANZA: REDIO MOJA, BAADAYE REDIO NYINGI

Wazee wetu wanaikumbuka tarehe 29 Aprili 1972. Siku hiyo machafuko yalianzia kwenye mwambao huu wa Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji yaliyofuata yakaenea nchi nzima. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Tanzania, wengi wakaishi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wakati huo sauti kubwa nchini Burundi ilikuwa redio ya serikali. Aliyetaka kusikia upande mwingine alitafuta masafa mafupi: idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza 1957, au ya Sauti ya Ujerumani, iliyoanza 1963. Redio ilikuwa mali ya wachache, na mwenye redio aliketi na majirani kumi. Akisha kusikia, kila jirani aliondoka na habari mdomoni.

Mwaka 1993 na 1994 eneo letu lilijifunza kwamba redio inaweza pia kuua. Nchini Rwanda kituo cha RTLM, kilichoanza kurusha matangazo 1993, kilichochea watu wawaue jirani zao. Burundi nayo iliingia vitani baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa mwezi Oktoba 1993.

Mwaka 1995 yakatokea majibu mawili yanayotuhusu. Bujumbura ikaanzishwa Studio Ijambo, ambako waandishi Wahutu na Watutsi walifanya kazi pamoja. Studio hiyo haikuwa na mnara wake. Ilitengeneza vipindi, kisha vituo vingine vikavirusha. Na huku Tanzania, Ngara, shirika la Kijesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji wao. Baadaye vituo vya binafsi vikazidi nchini: Bonesha, kisha RPA mwaka 2001, kisha Isanganiro mwaka 2002. Mkulima wa Rumonge akaweza kuchagua, kama anavyochagua samaki sokoni.

[Muziki mfupi]

SEHEMU YA PILI: MEI 2015

Mwishoni mwa Aprili 2015 maandamano yalianza Bujumbura kupinga Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. RPA ilifungwa. Bonesha na Isanganiro zikakatiwa matangazo yao mikoani. Angalia hapo: Bujumbura bado walikuwa wanasikia, lakini mikoani sauti zilikuwa zimekwisha kukatika. WhatsApp, Facebook na Twitter nazo zikazuiwa kwenye simu kwa muda, na vijana wakajifunza haraka kutumia VPN ili kuupita ukuta huo.

Tarehe 13 Mei likaja jaribio la mapinduzi. Katika saa chache za siku hiyo na siku iliyofuata, RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance zilishambuliwa, vyombo vikavunjwa au kuchomwa moto. Rema FM, iliyokuwa karibu na chama tawala, nayo ilishambuliwa. Jaribio lilishindwa, na nchi iliyokuwa na sauti nyingi ikabaki karibu na ile ya serikali peke yake.

Katika majuma hayohayo watu waliteremka ziwani. Kijiji kidogo cha wavuvi cha Kagunga, upande wa Tanzania karibu na mpaka, kilijaa makumi ya maelfu ya watu. Mlima mkali nyuma, maji mbele, barabara hakuna. Kipindupindu kikaingia, maelfu wakaugua na wengine wakafa. Meli ya MV Liemba, ile ya Wajerumani ya miaka mia moja iliyopita, ikawa inawabeba hadi Kigoma, kwenye uwanja wa Lake Tanganyika, na kutoka hapo kwa mabasi hadi Nyarugusu. Mtu wa Kagunga alihitaji habari kama alivyohitaji maji safi: meli inakuja lini, maji yapi yanafaa kunywewa, mtoto aliyepotea ameonekana wapi.

[Muziki mfupi]

SEHEMU YA TATU: SAUTI INATEMBEA KWA MIGUU

Waandishi wasio na studio walifanya nini? Wengine walibaki na kuanzisha SOS Médias Burundi, wakaweka habari zao za maandishi na za sauti kwenye mitandao. Wengine walikimbilia Kigali, wakatengeneza Radio Inzamba. RPA nayo ikaendelea na kipindi chake, Humura Burundi. Vipindi hivyo vilirekodiwa, vikawekwa kwenye intaneti, vikatumwa kwa WhatsApp.

Hapa ndipo msikilizaji alipogeuka kuwa mnara. Tupige hesabu. Mwaka 2015 kundi moja la WhatsApp lilichukua watu 100 tu. Lakini watu 100 wakituma, kila mmoja kwa kundi jingine la watu 100, sauti imewafikia 10,000 kwa hatua mbili. Maneno ya dakika 10 yakibanwa vizuri hayazidi megabaiti 2, kwa hiyo hata bando dogo lilitosha.

Na asiye na bando? Kulikuwa na Bluetooth, inayorusha faili kutoka simu hadi simu zikiwa ndani ya mita kama 10, bila laini wala vocha. Kulikuwa na memori kadi, ndogo kuliko ukucha, inayoingia hata kwenye simu ya batani na kwenye redio ndogo za mchina. Kadi hiyo hupita mpaka mfukoni bila kuomba ruhusa ya mtu.

Wavuvi wetu wanaielewa hesabu hii bila kufundishwa. Usiku wa kuvua ndagala, kila chombo kina taa yake. Taa moja ikizimika, ziwa haliwi giza. Lakini ukivunja taa kubwa moja iliyokuwa inamulika mwalo mzima, wote wanapapasa.

[Muziki mfupi]

SEHEMU YA NNE: MAFUNDI WALIIFIKIRIAJE

Duniani kote mafundi wa kompyuta walikuwa wanalifanyia kazi wazo kama hilo kwa njia yao. Redio ya kawaida ya intaneti ina kompyuta kuu, inayoitwa seva, na seva hiyo humpa kila msikilizaji nakala yake. Wasikilizaji wakiwa 1,000, inatuma mara 1,000. Wakizidi, inalemewa au gharama inapanda. Na anayetaka kunyamazisha redio hiyo ana mlango mmoja tu wa kufunga.

Mwaka 2001 Mmarekani Bram Cohen alitoa programu ya BitTorrent. Ndani yake faili hukatwa vipande vidogo. Ukipata kipande, unampa mwenzako huku wewe ukipokea kingine. Anayepokea ni yuleyule anayetoa. Wengine wakatumia njia hiyohiyo kurusha sauti moja kwa moja: kila msikilizaji anapokea matangazo kutoka kwa mwenzake na kumsukumia anayefuata. Tuuite mtandao wa mtu kwa mtu, usio na kituo kikuu.

Tuseme ukweli: WhatsApp si mtandao wa namna hiyo. Ujumbe wake hupita kwenye kompyuta za kampuni, na ndiyo sababu uliweza kuzuiwa mwaka 2015. Kilichokuwa cha mtu kwa mtu ni sisi wenyewe, na Bluetooth yetu, na kadi zetu.

Lakini mafundi wana kitu ambacho sisi hatukuwa nacho. Katika BitTorrent kila kipande kina alama yake, iliyopigwa hesabu kutoka ndani ya kipande chenyewe, kama muhuri. Simu inayopokea hupiga hesabu ileile. Alama isipolingana, hata kama kimebadilika kitu kidogo sana, kipande kinatupwa na kinaombwa kwa mwingine. Uongo ulioingizwa njiani haupiti. Ila muhuri huo una kikomo chake: unathibitisha kwamba sauti haikubadilishwa tangu ilipotoka, hauthibitishi kwamba aliyeisema alisema kweli. Kazi hiyo imebaki kwa binadamu.

[Muziki mfupi]

SEHEMU YA TANO: NANI ANAJIBU?

Kituo cha redio kina jina, kina anwani, kina mhariri. Kikikosea, unajua mlango wa kubisha. Sauti inayotembea mkono kwa mkono haina mlango. Ikifika kwenye simu ya kumi, jina la mwandishi limekatwa, tarehe imepotea, na utasikia tu: "Wamesema."

Hapa kambini tunalijua hilo. Mama mmoja, jirani yetu, alisikia sauti ya dakika moja kwamba mgao unasimamishwa na mabasi ya mwisho ya kurudi nyumbani yanaondoka Jumatatu. Aliuza sufuria, magodoro na kuku wake wawili kwa bei ya kutupa. Jumatatu hakukuwa na basi la mwisho, na mgao ulitolewa kama kawaida. Sauti ile ilikuwa ya zamani, na ilihusu kambi nyingine. Aliyemtumia alikuwa mpwa wake, kijana mwema aliyetaka kumsaidia shangazi. Watoto walilala chini miezi mingapi kwa ajili ya wema huo?

Hata kampuni ya WhatsApp iliona hatari hiyo. Mwaka 2019 iliweka kikomo dunia nzima: ujumbe mmoja huwezi kuupeleka mbele kwa zaidi ya mazungumzo 5 kwa mara moja. Mwaka 2020 ikakaza zaidi: ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi unapelekwa kwa mazungumzo 1 tu kwa mara. Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, jua umetembea sana kabla ya kukufikia.

Baada ya 2015 historia iliendelea. Isanganiro na Rema FM ziliruhusiwa kurudi hewani mwaka 2016. Mwaka 2021 Bonesha ilipewa ruhusa ya kufunguliwa tena, na mwaka huohuo RPA, Inzamba na Renaissance zilitakiwa kusitisha matangazo yao kutoka Kigali. Minara huinuka na minara huanguka, na mara nyingi wanaoamua si sisi. Kilicho mikononi mwetu ni kidole kinachobonyeza "tuma".

Kwa hiyo, ndugu msomaji, historia ya mwambao wetu inakudai kazi. Siku ulipokubali kuwa mnara, ulikubali pia kuwa mhariri. Kabla ya kutuma sauti, uliza mambo manne. Nani anasema, na amejitaja? Amesema lini? Anazungumzia mahali gani? Na je, kuna mtu wa pili, asiyepokea kutoka kwa wa kwanza, anayesema vilevile? Likikosekana jibu moja, subiri. Habari ya kweli ikichelewa saa moja, bado utaikuta ni ya kweli.

Sisi nasi tunajaribu kufuata hayo. Kila kipindi chetu kwenye memori kadi kinaanza kwa tarehe na jina la mtangazaji, na kinamalizika kwa tarehe ileile. Ukisikia sauti yetu imeanza katikati, bila tarehe, ujue imekatwa. Njoo studio usikilize nzima.

[Muziki wa kufunga unaanza chini]

MASWALI KWA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI

1. Wazee wa kikundi: mwaka 1972 au 1993, habari ya kwanza mliisikia kwa nani? Ilikuwa kweli?

2. Mwezi uliopita, ni sauti gani mliyopokea bila jina la msemaji? Mliifanyia nini?

3. Katika mtaa wenu, ni nani anayeaminiwa kuthibitisha habari za mgao, za shule na za kurudi nyumbani? Asipokuwepo, mnakwenda kwa nani?

Tumefika mwisho. Karatasi hii ukisha kuisoma usiikunje ukaiweka chini ya godoro. Mpe jirani, naye ampe jirani yake. Mkifanya hivyo, msipunguze neno wala msiongeze.