Aliyepona na Asiyepona

Kitenzi “kupona” kinabeba watu wawili ambao hawafanani kabisa. Mgonjwa aliyeinuka kitandani amepona. Mwizi aliyeruka ukuta, askari wakabaki na shati lake mkononi, naye amepona, ameponea chupuchupu. Lugha yetu imeona kwamba wote wawili wametoka hatarini, ikawapa neno moja bila kuuliza nani alistahili.

Sasa waweke watu hao kijiji kimoja. Mmoja alichoma nyumba, mwingine alichomewa. Hakuna shahidi aliyeitwa, hakuna jalada lililofika kwa hakimu. Wa kwanza amepona. Wa pili hajapona. Wanakutana sokoni kila wiki, na siku moja yule wa pili anaamua kusamehe. Ni kitendo hicho ninachotaka tukitafutie jina lake sahihi, kwa sababu “msamaha” tunaoutumia leo umebebeshwa mizigo mingi mno.

Tuanze na aliyepona mkono wa sheria. Magazeti humweka chini ya kivuli cha “utamaduni wa kutoadhibiwa”. Ni fungu refu, na halina mtendaji ndani yake: nani hakuadhibu? Wengine husema “ukwepaji wa sheria”, neno linalompa mhalifu sifa ya wepesi, kana kwamba sheria ilimfukuza kwa bidii naye akaishinda mbio. Mara nyingi haikumfukuza. Kenya ilipopoteza watu zaidi ya 1,100 katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitajiwa washukiwa sita mwaka 2010. Kufikia Aprili 2016 kesi zote hizo zilikuwa zimekwisha, na hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani. Lakini sita si hesabu ya mikono iliyoshika viberiti. Kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, liliteketezwa tarehe 1 Januari 2008 likiwa na watu waliokimbilia usalama ndani yake. Moto ule uliwashwa na watu waliorudi kulala majumbani mwao.

Napendekeza “kuponyokwa”. Tunasema samaki ameponyoka, lakini pia tunasema mvuvi ameponyokwa, na hapo macho yanahama kutoka kwa samaki kwenda kwenye mkono uliolegea. Mshukiwa kaponyoka, dola limeponyokwa. Kauli ya kutendwa inafanya hapa kazi ambayo fungu zima la “utamaduni wa kutoadhibiwa” halikuiweza: inataja ni nani aliyekuwa ameshika.

Na huyu asiyepona tumwiteje? “Mwathirika” Tanzania, “mwathiriwa” Kenya. Yote mawili yametoka kwenye “athari”, na athari haina nia. Mafuriko nayo yana waathirika. “Manusura” linamfaa aliyeokolewa meli ilipozama. “Mhanga” silipendi hata kidogo, kwa kuwa linanong’ona kafara, kana kwamba kufa kwa mtu yule kulikuwa sadaka iliyokubaliwa na mtu fulani, mahali fulani. Neno tunalo: “mdhulumiwa”. Ndani yake kuna dhuluma, na nyuma ya dhuluma kuna dhalimu. Huwezi kulitamka bila kukiri kwamba kuna aliyetenda. Labda ndiyo sababu ripoti za serikali hulikwepa.

Twende kwenye “kusamehe” lenyewe. Asili yake ya Kiarabu ina harufu ya ukarimu, ya mtu mwenye mkono usiobana. Kiswahili kililipokea na kulipa kazi za kila siku: “samahani” ya kumpita mtu mlangoni, msamaha wa kodi, kusamehewa ada ya shule, kusamehe deni. Wapo wanaoona kwamba matumizi haya ya kihasibu yamelishusha hadhi. Naona yamelihifadhia maana yake. Hasamehe ila anayedai. Serikali inaweza kusamehe kodi kwa sababu kodi ni yake. Jirani yangu hawezi kukusamehe deni unalodaiwa na mimi. Akijaribu, amegawa mali yangu.

Ndiyo maana “msamaha wa Rais” unanikwaza masikioni. Katiba ya Tanzania, Ibara ya 45, inampa Rais mamlaka hayo, na kila tunapoadhimisha siku kubwa za taifa orodha ya wafungwa hutolewa. Sina ugomvi na mamlaka. Ugomvi wangu ni na jina. Rais anaondoa adhabu, ambayo ni ya dola. Hawezi kusamehe jeraha, ambalo ni la mwenye mwili. Basi tuite “ondoleo la adhabu”. Makanisa yamekwisha kulizoeza sikio letu “maondoleo ya dhambi”, kwa hiyo neno halitakuwa geni. Na pale dola linapoamua kutoshtaki kabisa, kama Uganda ilivyowafanyia waasi waliosalimisha silaha chini ya sheria ya mwaka 2000, tuseme “ondoleo la mashtaka”. Sheria ile ilikuwa na sababu nzito; wengi wa waasi wale walitekwa wakiwa watoto. Hata hivyo, mama wa Gulu aliyekatwa masikio hakusamehe siku Bunge lilipopiga kura Kampala. Yeye alikuwa bado hajaulizwa.

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili kwa njia ya fikihi, yaani sheria ya Kiislamu. “Kisasi” kabla hakijageuka kuwa ghadhabu ya mtu na panga lake, kilikuwa istilahi ya mahakama: malipo yanayolingana na kosa, kwa kipimo, mbele ya kadhi. Pembeni yake palikuwa na “dia”, fidia ya damu, na pembeni ya dia palikuwa na hiari ya kusamehe. Aliyeshika hiari hiyo ni walii wa damu, jamaa wa aliyeuawa, wala si mtawala. Tumebaki na “kisasi” kilichopoteza kipimo chake na “fidia” iliyopoteza damu yake, na “walii” tumemwacha kwenye ndoa. Ningependa arudi. Kila tume ya ukweli inayoundwa Afrika Mashariki inamhitaji mtu mwenye jina hilo mezani.

Kuna maneno ambayo tumemwachia Mola peke yake, na ni vema yakae huko. “Kughofiri” kuna asili ya kufunika. “Kuafu” kuna asili ya kufuta. Binadamu hana uwezo wa kufuta lililotendeka. Aliye hai hujaribu kufunika, na watoto wakaja kufunua. (“Afua” nayo, dada yake “kuafu”, siku hizi imeajiriwa na mashirika: afua za lishe, afua za malaria. Imehama mno kuweza kuitwa tena.)

“Radhi” ndiyo inayonifurahisha kuliko zote. Anayeomba msamaha anaomba deni lifutwe. Anayeomba radhi anaomba moyo wako utulie juu yake. Sikiliza “niwie radhi”: kitenzi “kuwa” kimenyooshewa mkono, kikawa “kuwia”, uwe radhi kwa ajili yangu. Na lugha, kwa uzuri wake usiopangwa na mtu, ina “kuwia” kwingine kwenye sauti ileile: kumwia mtu ni kumdai, mwia ni mdai, mwiwa ni mdaiwa. Anayesema “niwie radhi” anasimama mbele ya mwia wake, hata kama deni hilo halisikii tena.

Machi 2015, Rais Uhuru Kenyatta alisimama Bungeni akaomba radhi kwa niaba ya serikali yake na zilizomtangulia, kwa ghasia za uchaguzi, kwa mauaji ya mwaka 1984 kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla na kwa dhuluma nyingine, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa miaka mitatu. Taarifa za habari zilichanganya: hapa ameomba radhi, pale ameomba msamaha. Tofauti ni kubwa. Radhi unaweza kuiomba kwa niaba ya ofisi, na ni heshima kuiomba. Msamaha huombwa na aliyetenda, kwa jina lake, kwa tendo alilotenda, na toba, yaani kurudi, ndiyo inayoutangulia. Wadhulumiwa wa Wagalla walipata radhi. Waliomiminia watu risasi kwenye uwanja ule wa ndege hawajasimama kuomba chochote.

Kutoka radhi tunapata “maridhiano”, neno lililobahatika na kudhulumiwa kwa wakati mmoja. Kule Zanzibar lilichukua nafasi ya “muafaka”, ule wa 1999 na ule wa 2001. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, walikutana Ikulu, na tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari walikubali kwa kura ya maoni, asilimia 66.4, serikali ya umoja wa kitaifa. Uchaguzi wa mwaka ule ulipita bila damu, na anayedharau jambo hilo hajui Visiwa vilikotoka. Lakini angalia umbo la neno. “-ana” inadai watu wawili, na wawe ndio wenyewe. Januari 2001, huko Pemba na Unguja, zaidi ya watu 30 waliuawa askari walipofyatulia risasi waandamanaji, na wengine wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Waliofyatua na waliofiwa hawakukutana Ikulu. Walioridhiana ni viongozi.

Kwa hiyo tuwarudishie viongozi “muafaka” wao. Ni neno la haki kabisa: wameafikiana, na tunafaidika. “Suluhu” nayo inawafaa, maana imezaliwa tumbo moja na “maslahi”, na viongozi hawaketi mezani bila maslahi. Machi 2018 Wakenya waliita kupeana mikono kwa Uhuru Kenyatta na mpinzani wake Raila Odinga “handisheki”, neno lililotaja kilichoonekana bila kudai zaidi. Wenye kuliita “maridhiano” walikwenda mbele ya ushahidi. “Maridhiano” tuyaweke akiba kwa siku yule aliyechomewa na yule aliyechoma watakapokaa jamvi moja.

Na wakati siku hiyo haijafika, mdhulumiwa huambiwa yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kauli nzuri, na imetumiwa vibaya kwa kukatwa katikati. Ndwele ni maradhi. Kuganga ni kutibu, na kwa maana ya kale ni kufunga na kuunga kilichovunjika. Mguu uliovunjika mwaka jana na haukuungwa bado ni ndwele leo, haujapita. Methali inaachilia yaliyopita, haiachilii yaliyobaki. Ndugu yake wa mjini, “kubali yaishe”, ndiye mbaya zaidi. Yaishe yenyewe? Kitenzi hakina mtu wa kuyamaliza, na anayeamriwa kukubali ni yuleyule aliyeumia.

Watu wa kawaida, wasiosubiri kamati za istilahi, wana usemi wao: “namwachia Mungu”. Nimewasikia mama wengi wakiutamka mlangoni mwa mahakama, na wasikilizaji wakadhani wamesamehe. Hawakusamehe. Kuachia ni kuacha kwa ajili ya fulani. Jalada limetoka mezani mwa hakimu likapelekwa mbele ya Hakimu mwingine, dai likiwa zima, bila hata senti moja kupunguzwa. Ni usemi wa mtu anayejua haki yake kuliko mawakili, na wanaotafsiri ushahidi mahakamani na kwenye tume wasiuandike “amesamehe”. Waandike alichosema.

Jirani zetu wa Rwanda wana “kubabarira”. Kubabara ni kuumia. “-Ira” yao ni “-ia” yetu. Kusamehe kwa Kinyarwanda kumejengwa juu ya maumivu, na baada ya miaka kumi ya mahakama za gacaca za kesi za mauaji ya kimbari, zilizofungwa mwaka 2012 zikiwa zimesikiliza karibu kesi milioni mbili, sidhani kuna neno lililopimwa kwa kina kama hilo. “Kusamehe” yetu haina maumivu ndani yake. Ina ukarimu tu, na ukarimu huombwa kwa wepesi mno na wasioutoa wao.

Basi yule wa pili, wa sokoni, amefanya nini hasa alipoamua kusamehe mtu ambaye hakushtakiwa, hakutubu, hakuomba? Hakufuta deni, hakuna aliyekuja kulikiri. Hakuridhiana, alikuwa peke yake. Alichokuwa nacho ni kinyongo, nyongo iliyokaa ikawa chungu zaidi kwa mwenye kuibeba, au kwa jina jingine, fundo. “Ana fundo moyoni,” tunasema. Na fundo lina kitenzi chake cha kulifungua, kitenzi ambacho tumekisahau kwa kuwa tunatosheka na “fungua”: ni “kufundua”.

Amefundua. Neno hili halimhitaji mkosaji hata kidogo. Halimtaji, halimsubiri, halimpi hati ya usafi. Fundo lilikuwa ndani ya kifua cha mdhulumiwa, na mwenye kifua ndiye aliyelifundua, kwa sababu zake: apate usingizi, awalee watoto bila kuwarithisha jina la adui, au kwa imani yake tu. Dai lake la haki limebaki palepale. Kesho akiitwa kutoa ushahidi atakwenda, wala hatakuwa amejipinga. Wangapi wamenyimwa kusikilizwa kwa kuambiwa, “Lakini si ulisema umesamehe?” Angesema amefundua, swali hilo lisingepata pa kushika.

Kwa nomino nimejaribu “ufunduzi”, na linafaa, ingawa masikio ya haraka yatasikia “ugunduzi” hadi yatakapozoea. Aliyefanya ni “mfunduzi”. “Msamehevu” tumwachie yule ambaye kusamehe ni tabia yake. Mfunduzi ni mtu aliyefanya jambo moja gumu mara moja, na pengine akalirudia asubuhi iliyofuata, maana mafundo hujifunga tena.

Limebaki pengo moja ambalo sijaliziba. Mtoto aliyezaliwa baada ya baba kuuawa, aliyerithi fundo asilolifunga, naye akataka kulifundua: je, anafundua lake au la marehemu? “Walii wa damu” linakaribia, lakini limebeba mamlaka ya kudai zaidi ya huzuni ya kurithi. Wasomaji wa Pemba, Lamu na Garissa, na ninyi wa Goma na Bujumbura ambako Kiswahili kimeona mengi, kama majumbani mwenu mtu wa namna hiyo ana jina, liandikeni nasi tulijue.