Joto Katika Eropleni Ndogo, na Hatari Yake

Wako watu wadhanio kwamba apandaye juu hulikaribia jua, na kwa hiyo huzidi kupata joto. Sivyo. Theluji ya Kilimanjaro i kileleni, wala si bondeni. Kwa kila mita 1,000 tunazopanda, hewa hupungua joto kwa kadiri ya digrii 6 na nusu. Basi rubani apandaye mita 3,000 huenda ameondoka chini palipo na ubaridi wa asubuhi tu, naye akakuta huko juu baridi ya barafu. Katika habari hii twataka kueleza jinsi watu waliojijengea eropleni ndogo kwa mikono yao walivyotafuta joto, na jinsi joto lenyewe lilivyoleta adui asiyeonekana.

Wilbur na Orville Wright waliporuka kwanza huko Marekani, tarehe 17 Desemba 1903, rubani alilala kifudifudi juu ya bawa, upepo ukimpiga usoni. Eropleni zilizofuata zilikuwa na viti, lakini viti hivyo navyo vilikuwa wazi. Katika Vita Kuu ya kwanza marubani walivaa makoti ya ngozi na viatu vya manyoya, hata hivyo wengi waliumia vidole na nyuso kwa baridi. Mwaka 1917 rubani mmoja wa Australia, Sidney Cotton, alibuni vazi la tabaka tatu: ndani manyoya, katikati hariri isiyopitisha upepo, na nje kitambaa kigumu. Vazi hilo liliitwa Sidcot, nalo lilitumika miaka mingi. Tena, tarehe 27 Februari 1920, Rudolph Schroeder alipanda karibu mita 10,000 juu ya Ohio katika eropleni iliyo wazi. Alipoinua miwani yake, macho yake yaliganda kwa baridi, akazimia. Alizindukana eropleni ikianguka, akaweza kuishusha salama kwa shida kubwa. Hivyo watu walitambua kwamba nguo peke yake hazitoshi.

Wakati huo huo walitokea watu wasio matajiri waliotaka kuruka. Mmoja wao alikuwa Bernard Pietenpol wa Minnesota, nchi ya Marekani yenye majira ya baridi kali mno. Mnamo mwaka 1929 aliunda eropleni ya mbao na kitambaa, akaitia injini ya motokaa ya Ford. Viti vyake viwili vilikuwa wazi. Wengi walifuata mfano wake. Mwaka 1953, katika mji wa Milwaukee, Paul Poberezny alianzisha chama cha wajenzi wa namna hiyo, kiitwacho Experimental Aircraft Association, nacho kingalipo. Sheria ya Marekani humruhusu mtu kujijengea eropleni, mradi sehemu iliyo kubwa ya kazi ifanywe na watu wasio wa kiwandani, kwa ajili ya kujifunza au kujifurahisha.

Wajenzi hao walipoanza kufunika viti kwa vioo na milango, upepo ulizuiwa, lakini baridi haikuondoka. Wakajiuliza: joto litatoka wapi? Jibu lilikuwa mbele ya miguu yao. Zaidi ya nusu ya joto la petroli haligeuki kuwa kazi, bali hupotea hewani, na sehemu kubwa hupita katika bomba la moshi. Basi walilizungushia bomba hilo koti la bati jembamba, wakaacha nafasi katikati. Hewa safi huingia kwa mbele, hupita katika nafasi hiyo, hupata moto kwa kuligusa bomba, kisha huongozwa na mpira mnene mpaka ukuta wa chuma utengao injini na chumba. Hapo pana mlango mdogo. Rubani akivuta kishikio, joto huingia miguuni pake. Akikisukuma, hewa hiyo hutupwa nje. Ni kazi rahisi, nayo haihitaji kuni wala mafuta zaidi.

Lakini tazameni jambo hili. Kati ya hewa anayovuta rubani na moshi wa injini hakuna kitu ila unene wa bomba, ambao ni mdogo sana. Bomba hilo huwaka moto, hupoa, na hutetemeka kila siku, na mwisho huweza kupasuka. Katika moshi huo mna hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Katika miaka ya 1850 mtaalamu wa Ufaransa, Claude Bernard, alionyesha jinsi inavyoua: huishika damu na kuizuia isichukue oksijeni. Nayo hushikamana na damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Mtu huumwa kichwa, husikia kichefuchefu, huona usingizi, na akili humwacha kabla hajajua kwamba ameingia hatarini.

Msiba wa siku zetu waonyesha jambo hili. Tarehe 21 Januari 2019 eropleni ndogo yenye injini moja ilianguka baharini karibu na kisiwa cha Guernsey, ikimchukua mchezaji wa mpira Emiliano Sala kutoka Ufaransa kwenda Wales. Yeye na rubani wake walikufa. Eropleni hiyo ilitoka kiwandani, wala haikujengwa nyumbani. Wapelelezi wa Uingereza walipoipima damu ya Sala waliona kwamba sehemu 58 katika kila 100 zilikuwa zimeshikwa na sumu hiyo, na yamkini moshi wa injini uliingia chumbani. Hapakuwa na chombo cha kupiga kelele ili kuwaonya.

Kwa hiyo mjenzi mwenye busara hufanya hivi. Kila mwaka hulifungua lile koti, hupuliza hewa katika bomba na kulipaka maji ya sabuni. Povu likitoka, pana ufa. Mlango mdogo wa joto huufanya wa chuma cha pua, kwa kuwa aluminiamu huyeyuka upesi ikipatwa na moto. Matundu ya nyaya katika ule ukuta huyaziba yote. Tena huweka chombo cha kuitambua sumu mahali pa macho yake. Na akisikia kichwa kikimuuma, hufunga joto, hufungua hewa ya nje, na kushuka upesi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko angani mwenye kuupuuza ufa hapati nafasi ya kujenga. Nasi tulio chini tusidhani kwamba habari hii ni ya marubani tu. Jiko la makaa likiingizwa usiku katika chumba kilichofungwa hutoa sumu ile ile, wala halina tofauti na bomba lililopasuka. Joto ni jema. Lakini kabla ya kulala karibu nalo, tujue kwanza moshi wake unatokea wapi.