Hifadhi ya Ndani: Istilahi na Kifaa Chake

Hifadhi ya ndani ni sehemu ya kompyuta inayotunza mfumo endeshi, programu na mafaili hata umeme unapozimwa. Katika kompyuta ndogo za mezani, ambazo umbo lake halizidi sana kitabu kinene, sehemu hiyo ni kipande kidogo ambacho mara nyingi mtumiaji anaweza kukibadilisha mwenyewe kwa bisibisi. Kazi yenyewe si kubwa. Kinachoiharibu ni jina: mtu huagiza kifaa kimoja ilhali anahitaji kingine. Kwa mkazi wa Handeni au Korogwe anayeagiza Tanga mjini au Dar es Salaam, kosa hilo ni nauli na siku zilizopotea.

Neno hifadhi lina asili ya Kiarabu, na katika Kiswahili limebeba maana nyingi. Mkomazi na Saadani, zinazogusa Mkoa wa Tanga, ni hifadhi za taifa, yaani maeneo yaliyolindwa. Mwanafunzi wa madrasa naye huhifadhi Kurani, na mahali anapoiweka ni kichwani. Kumbukumbu, kutoka kitenzi kumbuka, ni jambo la akilini. Lakini kumbukumbu za kikao ni karatasi zinazokaa kabatini katika ofisi ya kijiji miaka na miaka. Istilahi za kompyuta zimegeuza mazoea hayo. Kumbukumbu, ambayo mafundi huiita ramu, hushika kazi inayofanyika wakati huohuo tu na hufutika umeme ukikatika. Hifadhi ndiyo inayobaki. Anayekisia maana kwa kufuata madrasa au ofisi ya kijiji atazipindua zote mbili, na kwa kuwa zote hupimwa kwa GB, namba peke yake haimwokoi. Kompyuta ya kawaida inaweza kuwa na GB 8 za kumbukumbu na GB 500 za hifadhi.

Jina la zamani la kifaa hiki ni diski ngumu; mitaani huitwa hadi diski. Diski ya kwanza ya aina hiyo ilitolewa na IBM mwaka 1956: mtambo mkubwa kama kabati, wenye sahani 50 za kipenyo cha inchi 24, uliobeba herufi milioni 5 hivi. Wakati huo haikuhitaji kuitwa ngumu. Sifa hiyo ilipata maana miaka ya 1970 disketi zilipoingia, kwa kuwa sahani ya disketi ni plastiki laini inayopindika. Disketi zimetoweka, na neno ngumu limebaki bila mwenzake wa kulipa maana. Wengine huandika diski kuu, jina linalotaja cheo cha kifaa badala ya umbile lake; nalo hupwaya pale kompyuta moja inapokuwa na mbili.

Tatizo lilikua zaidi ilipokuja SSD (kwa Kiingereza solid-state drive). Ndani yake hamna sahani, hamna sindano ya kusoma, hamna kinachozunguka. Data hukaa katika vipande vya silikoni. Kuiita diski ni kuipa jina la kitu isichonacho. Kutafsiri jina lake neno kwa neno, hali mango, nako kunapotosha, kwani msomaji hukumbuka somo la sayansi kuhusu mango, vimiminika na gesi, na kudhani kwamba zile za zamani zilikuwa za majimaji. Hifadhi inafaa kuliko yote kwa sababu inataja kazi, na kazi haijabadilika tangu 1956. Aina hutajwa baada yake: hifadhi ya diski, hifadhi ya SSD.

Hifadhi ina sifa mbili zisizopaswa kuchanganywa: ujazo na kasi. Mradi wa maji wa HTM, unaochota Mto Pangani upande wa Korogwe na kupeleka maji Handeni, unatoa mfano ulio wazi: ukubwa wa tangi ni jambo moja, upana wa bomba ni jingine. Diski inayozunguka husoma takribani MB 100 hadi 200 kwa sekunde. SSD ya SATA, yaani inayosafirisha data kwa njia iitwayo SATA, hufika 550 hivi. SSD ya njia ya NVMe, inayopitia PCIe ya kizazi cha tatu, hufika karibu 3,500. Kuhusu ujazo, hifadhi iliyoandikwa GB 500 huonekana kama 465 katika Windows. Hakuna kilichopunjwa: kiwanda huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824.

Kabla ya kununua, kompyuta hukaguliwa. Baadhi hupokea hifadhi ya inchi 2.5 ya SATA. Nyingine hupokea kadi nyembamba ya M.2, ambayo kwa kawaida ina upana wa mm 22 na urefu wa mm 80. Kadi ya M.2 inaweza kuwa ya SATA au ya NVMe, na si kila tundu hukubali zote mbili. Hifadhi ya Mac mini ya mwaka 2018 haibadilishiki, kwani imelehemiwa.

Kazi huanza kwa nakala rudufu. Hifadhi mpya huwekwa kwenye kasha la USB, mfumo wote ukanakiliwa kwayo. Kompyuta huzimwa, waya wa umeme huchomolewa, na kitufe cha kuwashia hubonyezwa sekunde chache ili kumaliza umeme uliosalia. Chuma hushikwa kwanza ili umeme tuli wa mwilini usiunguze saketi. Hifadhi ya zamani hutolewa, na kadi mpya ya M.2 huingizwa kwa mshazari, hulazwa, kisha hukazwa kwa skrubu moja. Ile ya zamani, ikiwa bado nzima na inaingia katika kasha hilo, huwa hifadhi ya nje.

Agizo lililokamilika hutaja mambo manne: hifadhi ya SSD, umbo la M.2 la mm 80, njia ya NVMe, ujazo wa GB 500. Likipungua moja, muuzaji atakisia.