Mulago na Mabingwa wa Watoto

Hospitali ya Mulago, Kampala, ilianza mwaka 1913 ikitibu kaswende na magonjwa mengine ya zinaa. Shule ya tiba ya Makerere ilipoanzishwa mwaka 1924, wodi za Mulago zikawa darasa lake, na humo wakasomea vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Watoto walikuwa wengi wodini tangu zamani, ila hawakuwa na bingwa wao. Waliangukia mikononi mwa madaktari wa watu wazima.

Mmoja wao alikuwa Hugh Trowell, Mwingereza aliyehamia Uganda kutoka Kenya mwaka 1935. Alihangaika kwa miaka na watoto waliovimba miguu, ngozi zikibambuka, nywele zikigeuka rangi ya kutu. Awali alidhani ni pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini. Daktari Cicely Williams alikuwa ameshaueleza ugonjwa huo akiwa Gold Coast (Ghana ya leo) na kuuita kwashiorkor, lakini wakubwa wa tiba hawakumsikiliza upesi. Trowell alipokubali, hakurudi nyuma: mwaka 1954 yeye, J. N. P. Davies na Rex Dean walitoa kitabu kizima juu ya ugonjwa huo. Trowell huyohuyo ndiye aliyemwita daktari wa upasuaji Denis Burkitt, mwaka 1957, amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote. Mwaka uliofuata Burkitt alichapisha maelezo ya uvimbe huo, kansa ambayo leo inabeba jina lake.

Mafunzo ya watoto hasa yana tarehe ya kuhesabia: 1959. Mwaka huo Makerere ilimpata Derrick Jelliffe, profesa wa afya ya watoto aliyegharamiwa na UNICEF. Alikaa hadi 1966, akaishuhudia Mulago mpya ikifunguliwa mwaka 1962. Jelliffe hakuamini kuwa daktari wa watoto anaivia kitandani pa mgonjwa peke yake. Alitaka wanafunzi wake wapime mikono ya watoto kwa utepe huko vijijini, wajue mama analima nini, anauza nini na mtoto anaachiwa nini sahanini.

Haja hiyo ilitokana na aibu ya tiba yenyewe. Kwashiorkor ilikuwa ikitibiwa kwa maziwa ya unga, na mtoto alipona kweli. Mama akatoka na somo ambalo hakuna aliyekusudia kumpa: kwamba maziwa ya chupa ndiyo dawa. Nyumbani maji hayakuwa safi wala pesa ya kopo lingine haikuwapo, na mtoto akarudi wodini akiharisha. Ndipo mwaka 1965 kikafunguliwa kitengo cha lishe cha Mwanamugimu, hapo hapo Mulago. Mama aliingia na mtoto wake, akapika mwenyewe. Chakula kilikuwa kitobero: matoke, na humo maharagwe au karanga zilizopondwa, au samaki akipatikana, vyote vikifungwa katika jani la mgomba na kuiva kwa mvuke. Hakuna kilichotoka dukani. Kila mama aliwaona kwa macho watoto wa wenzake wakipungua uvimbe na kuanza kucheza, na hilo lilifundisha kuliko mhadhara. Kwa maoni yangu hiki ndicho kitu kikubwa kuliko vyote ambavyo idara ya watoto ya Mulago imefanya, ingawa hakikuhitaji mashine hata moja.

Daktari aliyetaka ubingwa alikuwa bado analazimika kwenda Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Makerere ikaanza kutoa shahada ya uzamili ya tiba, masomo ya miaka mitatu, na bingwa akaweza kuiva palepale alipo mgonjwa wake. Mambo yalikuwa yakianza kunyooka Idi Amin alipotwaa nchi mwaka 1971. Wahadhiri wa kigeni wakaondoka, wenyeji wengi wakakimbilia ughaibuni, dawa zikaadimika. Waliobaki waliendelea kufundisha.

Mafanikio yalirudi kupitia janga jingine, UKIMWI. Mwaka 1999 watafiti wa Mulago na wenzao wa Marekani walionyesha kuwa kidonge kimoja cha nevirapini kwa mama akiwa na uchungu, na matone kwa mtoto ndani ya saa 72, hupunguza karibu kwa nusu maambukizi ya VVU kwa mtoto, ikilinganishwa na zidovudine ya muda mfupi. Dawa ilikuwa rahisi kiasi cha kufika hata zahanati.

Mwaka 2011 watafiti wakatikisa kitabu cha kiada. Mtoto akiletwa na homa kali, viganja vya baridi, mapigo yakikimbia, mafunzo yalisema atundikiwe dripu ya haraka. Utafiti wa watoto 3,141 wa hospitali za Mulago, Soroti, Mbale, Lacor, Kilifi na Muheza ulikuta kwamba waliopewa dripu hiyo walikufa zaidi kuliko wasiopewa. Pelagra, maziwa, dripu: wodi hii imesonga kila ilipothubutu kuikana tiba iliyozoeleka.

Tangu 2016 kuna hatua ya juu zaidi, mafunzo ya miaka miwili ya ubingwa bobezi wa damu na kansa za watoto, kwa madaktari wa Afrika Mashariki. Si haba. Lakini chini yao wapo madaktari wanaosomea ubingwa wa kwanza, ambao ndio wanaokesha wodini, na wengi wao wanajilipia ada. Suala la posho yao limewahi kuwafikisha kwenye mgomo. Anayetaka kuienzi Mulago na aanze hapo: walipwe kwa kazi wanayoifanya, na walipwe kwa wakati.