Maradhi ya moyo katika ugonjwa sugu wa figo

Maradhi ya moyo katika ugonjwa sugu wa figo ni matatizo ya moyo na mishipa yanayompata mtu ambaye figo zake zimedhoofika kwa zaidi ya miezi 3. Wagonjwa wengi hufa kwa maradhi ya moyo kabla hawajafikia hatua ya kusafishwa damu kwa mashine.

Historia
Mwaka 1836 Richard Bright, daktari mashuhuri wa hospitali ya Guy's, London, alieleza kwamba wengi waliokufa kwa maradhi ya figo walikutwa na moyo mkubwa kupita kiasi, ingawa vali zake hazikuwa na kasoro. Usafishaji wa damu ulirefusha maisha lakini haukuuokoa moyo. Clyde Shields, aliyeanza kusafishwa damu huko Seattle, Marekani, mwaka 1960, aliishi takriban miaka 11 zaidi, kisha akafa kwa ugonjwa wa moyo.

Chanzo
Figo dhaifu hazitoi maji na chumvi ipasavyo. Shinikizo la damu hupanda, na ventrikali ya kushoto, kwa kusukuma damu kwa nguvu mno, huwa nene na ngumu. Upungufu wa damu, unaotokana na uhaba wa erithropoietini, homoni inayotengenezwa na figo, huuzidishia moyo kazi. Fosfeti ikizidi, kalsiamu huganda kwenye kuta za mishipa na vali. Potasiamu ikizidi, mapigo huvurugika na moyo huweza kusimama ghafla. Katika kipimo cha umeme wa moyo mawimbi ya T huonekana yamechongoka. Kwa wanaosafishwa damu mara 3 kwa wiki, hatari hukua kuelekea mwisho wa lile pengo la siku 2 lisilo na huduma.

Dalili
Kuvimba miguu, kuhema, kushindwa kulala chali, maumivu ya kifua. Utando unaouzunguka moyo huweza pia kuvimba.

Matibabu
Msingi ni kudhibiti shinikizo na kisukari, kupunguza chumvi na kuacha sigara. Potasiamu ikipanda, mgonjwa hupunguziwa ndizi, maharage na viazi. Dawa za statini, za kupunguza kolesteroli, hufaa zaidi zikianzwa kabla ya usafishaji damu. Mwaka 2020 utafiti wa dapagliflozini ulionyesha kuwa dawa hiyo, iliyobuniwa kwa ajili ya kisukari, hupunguza vifo vya wagonjwa wa figo hata wasio na kisukari.

Mwenye shinikizo la damu au kisukari hushauriwa kupima kretinini ya damu na protini ya mkojo angalau mara 1 kwa mwaka.