Betri ya Moyo: Ya Kuuliza Kabla ya Mchango

Kadi za mchango wa "betri ya moyo" ninazoziona kwenye makundi yetu ya WhatsApp huandikwa gharama ya upasuaji tu. Naona hesabu hiyo haijakamilika, kwani kifaa hiki hakiwekwi mara moja kikaisha.

Madaktari hukiita pesimeka. Moyo una sehemu yake inayotoa umeme wa kuupigisha. Sehemu hiyo ikichoka, au njia ya umeme ikikatika, mapigo hushuka na mtu huanza kuona kizunguzungu au kuzirai. Daktari hupasua kidogo chini ya mtulinga, mara nyingi kwa ganzi ya hapo tu, akapitisha waya ndani ya mshipa hadi moyoni, kisha akaficha kikasha kidogo chini ya ngozi. Kifua hakifunguliwi. Moyo ukichelewa, kikasha huushtua kwa umeme mdogo ambao wengi hata hawausikii.

Betri yake haichajiwi. Hudumu takriban miaka 6 hadi 15, halafu kikasha kizima hubadilishwa. Waya zikiwa nzima huachwa. Arne Larsson wa Uswidi, wa kwanza kuwekewa ndani ya mwili, tarehe 8 Oktoba 1958, kifaa chake kilikufa baada ya saa chache. Akawekewa kingine, na vingine zaidi ya 20, akaishi hadi 2001, akiwa na miaka 86.

Kwa hivyo kabla hamjalipa, ulizeni: nani atakipima, wapi, kila baada ya miezi mingapi? Kubadilisha ni pesa ngapi?

Kipo pia cha ubongo, alichoanzisha Alim-Louis Benabid kule Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987, kwa wanaotetemeka. Hupunguza mtetemeko, hakiponyi ugonjwa. Nacho kina betri, kifuani vilevile.

Mgonjwa asiache kadi ya kifaa nyumbani. Akikaguliwa, tuseme feri ya Likoni, aionyeshe na aombe ile fimbo ya askari isikawizwe kifuani. Simu iwe mbali na kifaa angalau sentimita 15; mfuko wa kifuani wa kanzu haufai. Kabla ya kipimo cha MRI aseme kwanza.

Na wazee wetu wanaopenda kukanda: hapo pakivimba, pakiwa pekundu au pakitoa usaha, msipake mafuta wala kukanda kwa maji moto. Mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo.